Mikayi na Meli ya Barafu

Niliomba nafasi ile miaka nenda miaka rudi, na mwaka wa tisini na saba wazungu wa meli ya utafiti wakakubali: mwalimu wa jiografia kutoka Migori atasafiri nao hadi Antaktika. Mimi, Bosibori, ambaye barafu nimeiona tu kwenye masanduku ya samaki wa mbuta Homa Bay! Basi la Nairobi lilikuwa Jumatano jioni, mwisho wa Februari.

Jumapili mvua ikanyesha.

Wee! Ilikuwa imechelewa, kwa hivyo boma zima likanigeukia. Mimi ni Mkisii niliyeolewa kwa Wajaluo, tena ndimi mikayi, mke wa kwanza. Kwao hakuna anayepanda kabla ya mikayi: mume alale nyumbani kwake, asubuhi mke huyo atie mbegu ya kwanza. Na mume wangu, Nashon, alikuwa kisiwani Remba akinunua omena, dagaa wa ziwani.

"Nyar Kisii," mama mkwe akaniita, yaani binti wa Kisii, "ukienda bila kupanda, watoto wa Akeyo watakula nini? Hiyo barafu yako?"

Akeyo ni mke mwenzangu, nyieka wangu. Alijitolea mwenyewe kwenda Sori kuwapa wenye mashua ujumbe: Nashon arudi upesi. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Majirani wanapanda huku wakituchungulia, na mimi nazunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu, masweta yamejaa kwenye begi. Nilimtukana Nashon matusi yote ya Kikisii ninayoyajua.

Jumatano alasiri huyo anaingia na gunia lake la omena, anapiga mluzi.

"Ujumbe gani?" akauliza. "Mimi nimekuja kwa sababu nimeona mvua."

Nilimkuta Akeyo jikoni.

"Hukufika Sori."

"Nilifika. Nikanunua chumvi, nikarudi."

"Akeyo! Watoto wako walale njaa?"

"Wangelala." Hakunitazama. "Nyieka, nilipokusaidia kupanga begi niliona picha ya marehemu mama yako haiko ukutani. Kwani pengwini wanataka kumwona?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba sirudi.

"Unaniacha na hawa watu peke yangu," akasema, na sasa alikuwa analia. "Nashon akianza kunipiga, nitakimbilia mlango wa nani?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Basi likapiga honi kule barabarani, likapiga tena, likaondoka, nami bado nimesimama pale jikoni, Mungu wangu!

Usiku huo Nashon akalala kwangu. Asubuhi nikatia mbegu ya kwanza nikilia kwa uchungu, na Akeyo, nyuma yangu, akatia ya pili.