Mkono Begani kwa Baba

Ramla alikuwa amechoka kuambiwa abonyeze tu. Tangu Jumatatu baba yake mdogo, Waziri, alikuja kila asubuhi kwenye kibanda cha Ramla cha picha na fotokopi, akavuta kiti, akakaa nyuma yake na kuitumbulia macho kompyuta.

"Bado tu?" anauliza. "Si unabonyeza, mashini njo inafuta?"

"Baba mudogo, mashini haifuti yenyewe."

"Basi tafuta ile yenye kufuta yenyewe. Ya bure. Ziko mingi, watoto wote wanazo mu telefone."

Ramla hakumfukuza, maana huyo ndiye mzee pekee aliyebaki upande wa baba. Mdogo wake Malaika alikuwa anaolewa. Jumamosi wakwe wangefika kutoka Tunda kujitambulisha, na nyumbani hapakuwa na baba wa kuwapokea. Baba yao, Mzee Assani, fundi cherehani, alifariki mwaka 2002, mji wao wa Kindu ulipozingirwa vitani na hata chumvi ikawa ya kuotwa. Waziri akaamua picha ya marehemu ikuzwe na kuwekwa kwenye kiti chake, ili wakwe wamsalimie yeye kwanza. Wazo hilo lilimgusa Ramla. Hakutaka Malaika aonekane mtoto asiye na baba mbele ya watu wa ukweni. Taabu ilikuwa picha yenyewe.

Ilikuwa moja tu. Kushoto alisimama Assani, kanzu nyeupe na kofia. Kulia hakuna kitu, karatasi imekatwa kwa mkasi. Mtu wa Kindu hashangai kuona picha ya namna hiyo. Wakati wa vita, mji ulipokuwa ukitoka mikononi mwa hawa na kuingia mikononi mwa wale, picha ya mtu mwenye sare iliweza kukutoa roho, ikitegemea tu nani ameifumania chini ya godoro. Basi kila nyumba ilishika mkasi. Hadi leo ziko picha za harusi zisizo na msimamizi, na watoto wachanga waliopakatwa na magoti ya mtu asiyekuwepo. Na kwa kuwa kila mmoja alikata, ikawa adabu ya mji mzima kutouliza aliyekatwa ni nani.

Ila mkasi wa mama yake Ramla, Mwanvua, haukumaliza kazi. Mwenye sare alikuwa amemwekea Assani mkono begani, na kuukata mkono ule kungekuwa kumkata Assani mwenyewe. Ukabaki pale juu ya kanzu: vidole na kipande cha mkono wa shati la kijeshi.

"Siwezi kukalisha wakwe mbele ya mukono ya mwanajeshi," Waziri alisema. "Watauliza tulikuwa watu wa nani." Mama Mwanvua aliisikia kauli hiyo. Aliitoa picha kwenye mfuko wa plastiki, akamkabidhi Ramla, akarudi jikoni kuchambua mchele.

Sasa njoo uone kazi ya bure ilivyo ghali. Programu ya kwanza, ile ya kwenye simu, iliufuta mkono kwa kufumba na kufumbua, kisha ikaona isiishie hapo. Ilimfanya Mzee Assani mweupe, ikamlainisha mashavu, ikampa midomo ya mwimbaji, na kifuani ikamwandikia jina lake yenyewe kwa herufi kubwa. Waziri alitazama akasema, "Huyu ni nani?" Kwa mara ya kwanza wiki ile walikubaliana.

Ya pili ilitaka mtandao. Ramla alinunua mega za intaneti, akaituma picha, akangoja ipande pole pole hadi karibu na mwisho, mtandao ukakatika. Alipofaulu baadaye, kazi ilitoka nzuri kabisa, ila ya kutazama tu. Kuichukua ilitaka kadi ya benki, kila mwezi, kana kwamba Ramla angekuwa anamfuta mwanajeshi kila mwezi maisha yake yote. Alicheka kwa hasira mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuza njia.

Ya tatu ililetwa na Rémy, jirani muuza filamu. Ilikuwa ile maarufu ya kulipiwa, ila hii ilivunjwa kufuli na watu wa huko mbali. "Hii ya bure kabisa, dada," Rémy alisema, akachomeka flashi yake ya USB. Ilikuja na virusi. Kufika adhuhuri picha zote za pasipoti za wateja zilikuwa zimegeuka majina matupu yasiyofunguka. Ramla alimwambia Rémy maneno ambayo hapa hayaandikiki, na Rémy akakiri yote yalikuwa haki yake.

"Mi nilisema tafuta ya bure," Waziri akanong'ona. "Sikusema ya wizi."

Ramla alisafisha kompyuta, kisha akaipakua GIMP, programu ya kurekebisha picha ambayo ni ya bure kweli, bila kufuli wala ujanja. Ubaya wake ni kwamba haina kitufe cha kukusaidia uvivu. Unachota kitambaa cheupe cha kanzu pembeni, unakigonga juu ya kidole, kama fundi anayetia kiraka. Ukikosea, mkunjo wa kanzu unakwenda kombo na bega linavimba. Alianza Alhamisi, umeme ukaenda, akaanza upya. Shingo ilimuuma, macho yalimwasha, na nyuma yake sauti ileile ilikuwa ikiuliza bado. Ijumaa baada ya sala bega la baba yake lilikuwa safi, jeupe, la kwake peke yake. Ramla alikaribia kulia kwa furaha.

Waziri akatuma Mama Mwanvua aitwe aje kuona. Mama alikuja na kanga yake ya jikoni, akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akatazama kwa muda mrefu.

"Mukono iko wapi?"

"Tumeufuta, mama."

"Nani alisema mufute?"

"Mama! Wiki nzima ninahangaika! Weye ulikuwa pale, ulisikia, picha ulinipa weye mwenyewe!"

"Hakuna mutu aliniuliza ile mukono ya nani." Mwanvua alivuta kiti akakaa. "Ni ya Hamidou."

Hamidou alikuwa kaka yake mkubwa. Ramla alimkumbuka kwa mbali tu, mtu mrefu aliyekuwa akimrusha juu na kumdaka. Nyumbani aliambiwa kaka yake alikwenda kuchimba dhahabu Kabambare, shimo likamfunika.

"Hakufika Kabambare," mama alisema. "Alivaa ile sare. Siku moja tu alirudi kuonyesha baba yake, mupiga picha akapita, wakasimama. Kisha wale wengine, adui zao, waliingia muji, na yeye hakurudi tena. Picha zake zote nilitia motoni. Na hii nikamukata mimi, kwa hii mikono. Ile vidole tu ilibaki. Ile njo mutoto wangu yote, Ramla."

Waziri, ambaye miaka ile aliishi mbali kule Lubutu, alikohoa. "Lakini shemeji, wakwe..."

"Baba mudogo, nyamaza," Ramla alisema. Hakuwa amewahi kumwambia hivyo katika maisha yake. Akageukia kompyuta na kuanza kurudi nyuma, kiraka kimoja baada ya kingine, na mbele ya macho ya mama kidole kikatokea, kikatokea kingine, mpaka mkono wote ukakaa tena begani.

Jumamosi picha iliwekwa kwenye kiti. Mzee Okito, baba wa bwana harusi, alivua viatu, akamsalimia Mzee Assani kwa heshima zote, kisha akasogeza uso karibu na kioo cha picha. Waziri alitazama sakafu.

"Na huyu mwenye mukono ni nani?"

Mwanvua alisimama.

"Ni mutoto wangu wa kwanza. Anaitwa Hamidou."

Mzee Okito aliitika kwa kichwa, akainama tena mbele ya picha. "Salaam alekum, Hamidou."

"Alekum salaam," Mwanvua akaitika kwa niaba ya mwanawe.