Pepo za Milimani

Sanduku la kwanza lilikuwa la bahari na la pili la mlima, na ole wake Raymundi akichanganya. Katika la bahari ziliingia nguo nyepesi, kofia za ukindu, viatu vya turubai na lile vazi la memsahibu la kuogelea, jeusi, dogo, ambalo Raymundi alilikunja huku akitazama ukutani kwa haya. Katika la mlima ziliingia sweta, soksi nene, blanketi mbili za sufu na mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto kitandani. Ilikuwa katikati ya Julai, safari bado wiki tatu, lakini memsahibu alipenda kupanga mapema, apangue, apange tena. Raymundi alikuwa amepiga magoti sakafuni tangu asubuhi na magoti yenyewe hayakuwa ya ujana.

Mambo yalikuwa hivyo kila mwaka. Bwana Thorley, mkubwa wa kampuni iliyonunua nta kwa warina asali wa Sikonge na Ipole, alipata likizo ya wiki sita, na memsahibu alikuwa na neno moja alilolijua vizuri kuliko Kiswahili chake kingine chote: "Mimi nakwenda kupunga upepo." Wiki mbili walikaa pwani Dar es Salaam, kisha wakapanda meli hadi Tanga, kisha gari la moshi, kisha lori, mpaka juu kabisa katika milima ya Usambara, ambako watu walisema maji ya bombani yanauma meno. Raymundi Lugembe, boi wa nyumba mwaka wa tisa sasa, alisindikiza masanduku hadi stesheni, akarudi kufunika viti kwa mashuka na kulinda nyumba. Wao walirudi na mashavu mekundu, wamenenepa.

Mwaka huu mikono yake ilikuwa masandukuni lakini moyo ulikuwa Ng'ambo, mtaa wa watu weusi wa Tabora, katika chumba ambamo mkewe Pelagia alikohoa tangu Kwaresima. Mwanzoni walisema mafua. Kisha wakasema vumbi. Siku alipoona damu kwenye kitambaa, Raymundi alimbeba kwenye baiskeli ya jirani hadi zahanati ya misheni, na Sista akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Dawa ya kumponya sina," Sista alimwambia Raymundi mlangoni, alipomwita tena baada ya mwezi. "Anachohitaji ni hewa nyingine, baridi, safi. Huko Usambara kuna nyumba ya wagonjwa wa kifua, ya watu weusi. Nimewaandikia na wamekubali, barua ya kuwapa mkifika hii hapa. Kitanda watamwekea mpaka mwisho wa Agosti. Lakini sharti mume amsindikize na kutia sahihi mwenyewe. Mwanamke peke yake hawampokei."

Kwa hiyo ilihitajika ruhusa, na ruhusa alikuwa nayo Bwana. Mkataba wa Raymundi ulikwenda hadi Krismasi. Kuondoka bila cheti kulikuwa kosa la jela, na hilo hakuhitaji kusomewa na hakimu. Masolwa, mtunza bustani, alikwenda Nzega kumzika mama yake bila kuaga, na aliporudi alivunja mawe miezi miwili. Baba yake Raymundi, mzee Luhende, alikuwa mpagazi, na alikwenda Bagamoyo mara saba kwa miguu na pembe ya ndovu begani, maana zamani hizo Mnyamwezi asiyefika pwani alichekwa na wasichana. Mara zote saba hakuna aliyemwuliza karatasi.

Raymundi alikwenda kwa Selemani, mwandishi wa barua, aliyekaa barazani karibu na soko na kalamu yake ya wino. Selemani alijivunia Kiswahili chake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Alisikiliza yote, akachovya kalamu.

"Tuseme 'kubadili hewa'?" Raymundi aliuliza.

"Hayo maneno ya zahanati. Wao wenyewe wanasemaje wakienda?"

"Wanasema kupunga upepo."

"Basi tutawaambia neno lao, lakini kwa ufasaha. Upepo ni mmoja, bwana wewe. Huko mlimani unavuma mmoja tu? Zinavuma za kila upande. Upepo mmoja, pepo nyingi. Kiswahili kina heshima yake." Akaandika, akapuliza wino ukauke, akasoma kwa sauti: *Naomba ruhusa ya siku kumi na nne nimpeleke mke wangu, aliye mgonjwa, kupunga pepo za milimani.*

Ilikuwa sentensi nzuri. Raymundi aliirudia moyoni njia nzima na kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima alijisikia ana nafuu.

Bwana Thorley alimwita kesho yake ofisini kwake, chumba cha pembeni kilichonuka nta. Ukutani palikuwa na cheti chake cha mtihani wa Kiswahili, kimewekwa katika fremu. Alikuwa amefaulu daraja la juu na alipenda watu walijue hilo.

"Raymundi. Barua hii umeandika wewe?"

"Nimeandikiwa, Bwana. Haja ni yangu."

"Unataka kumpeleka mke wako kupunga pepo."

"Ndiyo, Bwana. Pepo za milimani."

"Nilifikiri wewe ni Mkristo."

"Ni Mkristo, Bwana. Nimebatizwa, na yeye amebatizwa."

Bwana Thorley alifungua kamusi, kidole kikashuka polepole kwenye ukurasa. "Kupunga pepo," alisema, akitamka kila silabi. "Kumtoa mtu shetani, kwa ngoma, kwa moshi, kwa mganga. Iko hapa. Nikupe siku kumi na nne ukacheze ngoma?"

Raymundi alitikisa kichwa. "Siyo hizo, Bwana. Ni upepo. Hewa. Kifua chake kibovu, Sista amesema apate hewa ya mlimani. Ni kupunga upepo kama anavyokwenda kupunga memsahibu."

Kisha Bwana Thorley akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba punda wake ameomba kiti.

"Kama memsahibu!" Akafunga kamusi. "Sikiliza. Memsahibu si mtu wa jua hili, damu yake haikuzoea. Wewe umezaliwa hapa. Baba yako amezaliwa hapa. Hewa ya Tabora ndiyo hewa yenu, hakuna nyingine itakayowafaa zaidi."

"Anatema damu, Bwana."

"Pole sana. Apumzike. Na mimi nikiwa safarini, nyumba nani ataiangalia?"

Raymundi alisimama akitazama fremu ile ukutani. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa katika Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa cha Bwana. Akasema ndiyo, Bwana, akatoka kwenda kung'arisha viatu. Hasira aliyokuwa nayo hakupata pa kuiweka.

Laiti lingeishia hapo. Jumamosi Padre alikuja kula chakula cha usiku, na Raymundi alipokuwa akizungusha bakuli la supu, Bwana Thorley alitoa barua mfukoni akaisoma kuwafurahisha wageni. Alipofika kwenye pepo za milimani, memsahibu alijifuta machozi ya kicheko kwa leso. Habari ya kifua Bwana hakuisema, maana ingeharibu utani. Padre hakucheka. Alimtazama Raymundi, akarudisha macho kwenye supu.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Padre alikuwa akimletea Pelagia Komunyo nyumbani, kwa kuwa hakuweza kutembea hadi kanisani. Ijumaa ile jirani yao Nyamizi alifagia ua kabla ya jua, akatandika kitambaa cheupe juu ya kasha, akawasha mshumaa. Pelagia aliketi kitandani amejifunga kilemba kipya. Walimsikia Padre akipita na kengele yake ndogo, akaingia nyumba ya pili, ya mzee mmoja kipofu, akatoka. Kengele ikapita mbele ya mlango wao, ikaenda zake.

Mshumaa uliachwa ukiwaka mpaka Raymundi aliporudi kutoka kazini mchana.

"Baba Katarina," Pelagia aliuliza, "umewaambia nini Wazungu?"

Akamweleza. Alimweleza neno, kamusi, supu. Pelagia alisikiliza akiwa ameshika kitambaa mdomoni, na alipomaliza kukohoa alitabasamu kidogo.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye mashetani."

"Nyamizi alinifuata kazini kuniambia kengele imepita, nami nimepitia misheni kumwona Padre. Nimeambiwa Padre anajua alichokisikia, na nikitaka kutubu nije Jumamosi."

"Usitubu," Pelagia alisema. "Hatujakosa. Usiniongezee aibu kwa kutubu."

Siku nne kabla ya safari, mpishi Mayala, aliyefuatana nao kila mwaka, alitokwa na jipu kwenye paja, hawezi kukaa wala kusimama. Memsahibu alikuja jikoni na uso unaong'aa.

"Raymundi! Mayala gonjwa. Masolwa nalinda nyumba. Wewe utakuja. Bahari, mlima, yote!" Akapiga makofi. "Bwana ameniambia wewe nataka punga upepo. Basi, punga! Furaha?"

Na alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililomchosha Raymundi kuliko matusi, kwamba mwanamke huyu alisimama mbele yake akingoja ashukuriwe.

"Memsahibu, nakuomba. Kama nakwenda huko huko mlimani, mke wangu apande behewa la daraja la tatu pamoja na mimi. Nauli nitatafuta. Nikifika nitamfikisha kwa wagonjwa siku moja tu, nirudi kazini."

Uso wa memsahibu ulififia. Aliweka mkono kifuani pake mwenyewe. "Hapana, Raymundi. Kohozi mbaya sana. Wewe utashika yeye, kisha utashika sahani yangu." Akafikiri. "Kweli wewe nalala chumba moja na yeye? Mpaka safari utalala hapa, nyumba ya boi."

Alipewa saa moja ya kwenda kuaga. Binti yao Katarina alikuwa amekuja kutoka Goweko na mtoto mchanga mgongoni, na Raymundi alimkataza asilale chumba kile na mtoto, na Katarina akauliza sasa nani atamgeuza mama usiku. Raymundi alisema hatakwenda. Alisema afadhali jela.

"Jela watakufunga wewe na mimi nitabaki hapa hapa," Pelagia alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Nenda. Ukifika, tafuta nyumba hiyo kwa macho yako. Waambie wanishikie kitanda siku chache zaidi. Mwambie mkubwa wao mimi si mtu wa ngoma."

"Nitawaambia."

"Mwambie nina barua ya Sista."

Pelagia alimpa barua ile, naye Katarina akaishona ndani ya koti la baba yake.

Reli ilifuata njia ile ile ya wapagazi, na kwenye behewa la tatu Raymundi alisimama hadi Dodoma. Bahari aliiona. Ilikuwa kubwa, naye alisimama kando yake wiki mbili akishika taulo. Memsahibu alipotoka majini alimfunika mabega, akamfuta mchanga miguuni, na jioni akaosha chumvi kwenye lile vazi jeusi. Watu walimwuliza Bahari ya Hindi ameionaje, akasema ina maji.

Walifika mlimani tarehe ishirini na tano Agosti. Nyumba waliyopangisha ilikuwa na veranda, maua, na mtunza bustani Mshambaa aliyeitwa Eustace. Asubuhi ya kwanza ukungu ulipopanda, Raymundi aliona ng'ambo ya bonde paa refu la bati na nguo nyeupe zimeanikwa kwa safu.

"Kule pana nini, ndugu yangu?"

"Kwa wagonjwa wa kifua," Eustace alisema. "Wanakuja wamebebwa, wengine wanarudi na miguu yao. Ni hewa tu, kaka, dawa nyingine hakuna. Kwa miguu ni kutwa moja kwenda na kurudi."

Aliomba kutwa moja. Siku ya ishirini na sita palikuwa na wageni wa chai. Ishirini na saba memsahibu aliumwa kichwa. Ishirini na nane Bwana alitaka kupanda kilele na mtu wa kumbebea kikapu, na Raymundi alibeba kikapu, na huko juu hewa ilimwingia kifuani baridi, tamu, mpaka akaona haya kuivuta. Ishirini na tisa alimpa Eustace barua ya Sista aipeleke. Eustace alirudi jioni na barua ile ile. Wamesema mume aje mwenyewe, na mgonjwa yuko wapi? Kitanda kinangoja mpaka keshokutwa saa kumi na mbili jioni, kuna wengine foleni.

Kutoka Tabora hapakuwa na habari yoyote.

Tarehe thelathini na moja, saa kumi na moja jioni, memsahibu alikuwa sebuleni na kitabu, miguu juu ya kiti. Jua lilikuwa bado kwenye lile paa la bati ng'ambo ya bonde na watu wadogo sana walikuwa wakianua nguo. Upepo uliingia ukapeperusha mapazia.

"Raymundi! Baridi! Upepo mwingi sana. Funga."

Alifunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili. La tatu ndilo lililotazama bonde, naye alisimama pale ameshika komeo, uso wake umo ndani ya upepo, mdomo wazi.

"Yote, Raymundi."

Akalifunga na hilo, akasukuma komeo mpaka mwisho, akauliza kama alete chai sasa hivi au angoje Bwana arudi.