Mishipa Ndani

Tangu asubuhi Rudayna alikuwa jikoni kwao Nablus, akikunjia wali kwenye majani ya mzabibu, mgongo ukimuuma kama moto.

"We binti, umelala?" mama mkwe akafoka. "Mishipa ya jani umeiacha nje! Inakaa ndani, na wali."

"Kwani ina kosa gani, mama? Si ndiyo inayolipelekea jani maji na kulishikilia lisinywee?"

"Ndiyo. Lakini wageni hawaji kuitazama hiyo."

Rudayna akakunjua, akaanza upya kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Sebuleni mumewe akawachekea wageni: "Kaeni, jamani! Leo nawapikia majani ya mzabibu!"

Mama mkwe akamsikia mwanawe, akavitazama vidole vya Rudayna. Akachukua jani, akalikunja kwa makusudi, mishipa nje.