Seli za Mjomba

Doa jeusi lilimtokea mjomba kwenye unyayo, ule ule aliokanyagia pedali ya cherehani. Alilipuuza, fundi ana nguo za watu, mpaka likaanza kutoa damu. Daktari alilikata, akamwambia ni melanoma, saratani ya ngozi isiyo na mzaha.

Mpwa wake, mtafiti ambaye wenzake maabara walimwita Mama Sumu, alimfuata wodini.

"Mjomba, kile kinyama walichokukata, naomba kidogo nikakifanyie kazi."

"Chukua chote! Kwani mimi nilitaka kukifanya kitoweo? Lakini hiyo sumu yako, uanze kunidunga mimi."

"Sikudungi. Bado iko kwenye visahani vya maabara."

Mjomba alinuna, kisha akatia sahihi fomu ya ridhaa.

Sumu yenyewe ilitoka kwenye mbegu za mmea. Ikiingia ndani ya seli huiua, ila peke yake hubaki mlangoni ikibisha. Ndiyo maana Mama Sumu aliifunga kwenye kingamwili inayoitambua alama iliyojaa kwenye seli za melanoma. Kingamwili ikishika, seli huvimeza vyote viwili.

Jaribio la kwanza aliambulia patupu. Seli za mjomba zilinawiri kana kwamba zimepewa uji.

"Tutafute sumu nyingine," msaidizi wake alishauri.

"Sumu haina kosa. Imebanduka njiani, kingamwili ikafika mikono mitupu. Tukaze fundo."

Walikaza. Safari hii seli za saratani zilinywea, zikafa; seli za ngozi nzima, isiyo na ugonjwa, zilizopewa dawa hiyo hiyo hazikutikisika. Akarudia, na kurudia tena. Jibu likawa lile lile.

Ndipo akamwita mjomba. Alikuja akichechemea, akavalishwa koti jeupe, akainamia hadubini.

"Hizi zilizosinyaa ndizo zangu?"

"Ndizo."

"Na hizi zilizonenepa?"

"Ngozi nzima."

Mjomba aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Zimekoma! Basi nidunge sasa."

"Wewe kisu kimekutosha, kila ukipimwa uko safi. Dawa hii ni ya yule ambaye saratani imeshamsambaa mwilini. Nayo inaanza kwa panya, halafu ndio watu."

"Mkaidi kama mama yako!"

"Dada yako huyo," alijibu, akibeba kisanduku cha barafu chenye dawa. Jengo la panya lilikuwa ng'ambo ya ua. Mjomba akadai amsindikize, na mpwa akapunguza mwendo ili waende sambamba.