Beseni Lililo Wazi

Kwa maneno ya muuza mkaa, mkunga alikuwa anakunywa chai. Huyo mama hauzi mkaa tu, anauza na habari, na habari zake nazo huchafua mikono. Anasema siku ile alikwenda hospitali kumwona shemeji yake, akapita kantini, na kwa macho yake mawili akamwona Bi Taratibu amekaa, mguu juu ya mguu, anapuliza kikombe, huku wodini mzazi anamalizika kwa damu. Akishasimulia hujifuta jasho, halafu husema yeye umbea haupendi.

Kidoti aliyasikia yote akiwa amesimama pale kwenye magunia, kipande cha sabuni mkononi. Naye ni mkunga wa wodi hiyohiyo, mdogo kuliko wote, anaitwa hivyo kwa doti iliyo shavuni mwake. Angeweza kumwambia yule mama kwamba Bi Taratibu hakuonja hata maji siku ile. Alikuwa nyuma ya pazia anahangaika na mtoto aliyetanguliza miguu, kisha akawa magotini kando ya yule mzazi mpaka mwisho. Lakini angeanza kusema hilo, ulimi usingejua pa kusimama. Akaaga, akapita.

Wakunga wa wodi ile wana desturi yao. Mzazi akifia mikononi mwa mmoja wao, huyo hafui mwenyewe sare aliyokuwa ameivaa. Wenzake humfuata nyumbani, wakaifua, wakaianika, wakakaa naye mpaka ikauke. Hawaulizi ilikuwaje. Kuuliza ni kazi ya watu wa ofisini.

Nyumbani kwa Bi Taratibu, Kidoti alimkuta mkunga mwenzao, Mama Pacha, ameshafika, gauni amelibana magotini, karai katikati ya miguu.

"Karibu, bibi harusi," Mama Pacha akamwambia. "Tumekungoja mpaka maji yamezeeka."

Bi Taratibu alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, miguu mitupu, kichwa hakijaguswa na kitana. Jina hilo walimpa wanawake wanaojifungua wodini, maana mwanamke akipiga kelele kiasi gani, yeye humwambia taratibu mama, taratibu, na kweli mama hutulia. Sasa ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha kesho hospitalini, cha kuchunguza kifo hicho. Ndugu wa marehemu watakuwepo, na mganga mkuu, na habari za chai zimeshafika huko kabla yao.

Mama Pacha akasema yule muuza mkaa akikuona umepiga chafya asubuhi, jioni ameshakuzika na matanga ameanua. Bi Taratibu alicheka kwa midomo tu. Kisha ikabaki sauti ya nguo ndani ya maji.

Kidoti alipokea sare. Damu ilikuwa imekaukia magotini, pale mkunga alipopiga magoti. Akapaka sabuni, akaanza kusugua, na moyo nao ukaanza kumsugua.

Kule wodini, kondo la nyuma likitoka huwekwa kwenye beseni. Mkunga hulitandaza, hulitazama huku na huku, akihakikisha hakuna kipande kilichobaki tumboni, maana kikibaki, mzazi huvuja damu. Akiridhika, hulifunika beseni kwa kitambaa. Beseni likiwa wazi, maana yake bado. Siku ile Kidoti aliingia zamu akakuta beseni la yule mama liko wazi, na Bi Taratibu ameshavutwa kitanda cha pili. Sakafu ilikuwa imelowa, huku wanaita, kule wanalia. Akalibeba pamoja na mengine akayamwaga yote, akijiambia kwamba jicho la Bi Taratibu halipitwi na kitu, labda kitambaa tu ndicho kilichosahaulika. Aliporudi, sauti ikamjia kutoka nyuma ya pazia.

"Kidoti, kondo la huyo mama umeliangalia? Ni zima?"

"Zima, dada."

Hakuwa amelitazama hata mara moja. Bi Taratibu akaendelea na yule mtoto wa miguu, naye akatoka salama. Yule mama wa kwanza alianza kumwaga damu jioni. Bi Taratibu, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hajaondoka, ndiye aliyempigia magoti, akamkanda tumbo, akamwita kwa jina mpaka hapakuwa na wa kuitika. Mtoto wa marehemu yuko kwa bibi yake, ananyonyeshwa chupa.

Na Kidoti bado hajathibitishwa kazini. Mama yake ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti yake anazalisha.

Mama Pacha akachukua ndoo akaenda bombani, uani. Bi Taratibu akamtazama Kidoti mikono, si uso.

"Mdogo wangu."

"Abee, dada."

"Nimekuwa nikilifikiria lile beseni. Mimi sikulifunika, nakumbuka. Na wewe ulilikuta wazi."

Kidoti akaizamisha sare majini.

"Sikulaumu. Ningekuwa na roho ya kulaumu ningeanza na mimi, niliyeuliza badala ya kuja kuangalia. Lakini kesho wataniuliza nani aliliona kondo. Nikisema mimi, nimedanganya, na kazi yangu imekwisha. Nikikutaja wewe, wataona mtu mzima anamtupia mtoto mzigo, na ile habari ya chai itaonekana kweli. Sitakutaja." Akavuta pumzi. "Ukasimame useme mwenyewe. Useme nilikuuliza, na ulivyonijibu. Mengine tutabeba wote. Utanisemea, mdogo wangu?"

Doa lilikuwa limetoka kitambo. Kidoti akachukua tena sabuni, akapaka palepale magotini, akasugua, kitambaa kikaanza kuwa laini na chepesi chini ya vidole vyake. Bi Taratibu alingoja. Alikuwa na subira ya kazi yake, ya kukaa kando ya mtu mpaka kitu kitoke.

Kutoka uani Mama Pacha akaita kwamba jua linakwenda, wailete hiyo nguo ianikwe.

Kidoti aliendelea kusugua.