Mtihani wa Mwezi wa Saba

Mama mwenzangu uliye na mtoto anayecheza futiboli ya helmeti, kaa kidogo unisikilize. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la sita kule Tamaulipas, Meksiko, halafu nikavuka mpaka wa Texas nikaingia kwenye kazi ya kuvuna vitunguu, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Na kama unasoma ili ujue nani alishinda ile mechi ya Toledo na Omaha, timu yetu ilishindwa, tena vibaya. Basi, umeshajua. Mimi naandika habari ya kichwa cha mwanangu.

Mwanangu ni Abelardo Treviño, nyumbani tunamwita Lalo. Alipomaliza chuo, timu ya Nyigu wa Toledo walimchukua awe mrushaji wao. Mrushaji ndiye anayepewa mpira kila mchezo unapoanza. Anatafuta wa kumrushia, na muda wote anaotafuta, majitu ya upande wa pili yanamjia yakitaka kumvunja. Kazi yake ni kusimama palepale na kutoyatazama. Sijui nani alibuni kazi hii, ila hakuwa mama.

Tulihama naye, mimi na baba yake Nemesio, tukaacha joto la bonde letu la Texas tukaja kwenye theluji. Msimu ulianza vibaya. Mrushaji mkongwe alivunjika kifundo cha mguu siku ya kwanza, Lalo akaingizwa kabla hajayajua hata majina ya wenzake wote. Wakapigwa mechi tatu mfululizo. Muuza nyama wa mtaani kwetu alimwambia Nemesio mbele ya wateja, "Mzee, mwambie kijana wako mpira ni ile kitu ya kahawia." Halafu wakaanza kushinda. Wakashinda tena na tena, na muuza nyama yuleyule akawa anatufungia mbavu za bure na kuniita mama wa mfalme. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika, mji mzima ulikuwa umevaa manjano na nyeusi. Ilibaki mechi moja tu, ile ya Omaha. Tukishinda, tunaingia mtoano, na Toledo haijaonja mtoano tangu Lalo hajazaliwa.

Sasa kuna desturi moja ya timu. Mchezaji mgeni wa msimu lazima awalishe walinzi wake kila Ijumaa. Walinzi ni wale wanene watano wanaopanga mstari mbele ya mrushaji kumkinga. Lalo aliwaleta mezani kwangu. Wakavunja viti viwili Ijumaa ya kwanza, nikaenda kununua mabenchi. Walikula tamale zangu kwa masufuria, unga wa mahindi na nyama ya nguruwe, mpaka maganda ya mahindi ninayofungia yakajaa ndoo. Mkubwa wao alikuwa Dirk Vandehey, mtoto wa wafuga ng'ombe wa Wisconsin, ndevu nyekundu, vidole vimepinda kila kimoja na upande wake.

"Mama Lalo," alikuwa akiniambia, "siku nikifa nizikeni ndani ya sufuria hili."

"Hutoshi," namjibu. "Labda mguu."

Nilimpenda Dirk. Nakwambia hivyo ili usije ukadhani namchukia. Alikuwa na hadithi yake moja, ya ng'ombe wa baba yake aliyeingia kanisani katikati ya harusi akala maua ya bibi harusi. Ijumaa moja aliisimulia, tukacheka mpaka machozi. Sahani hazijaondolewa mezani, akafuta ndevu, akasema, "Niliwahi kuwasimulia habari ya ng'ombe wa baba?" Akaianza upya. Mikono ileile, sauti ileile, akinyamaza palepale alipokuwa amenyamaza mwanzo. Niliwatazama wenzake. Walicheka kana kwamba ni mpya. Mmoja wao akanipitishia bakuli na kunong'ona, "Cheka tu, mama."

Nikacheka. Dirk alikuwa na miaka thelathini na moja.

Jumapili iliyotangulia ile ya Omaha tulicheza nyumbani kwenye theluji. Lalo alirusha mpira, na mpira ulishaondoka mkononi, ndipo jitu moja likamfikia. Alikwenda chini kinyumenyume, kisogo kikapiga ardhi iliyoganda. Sikusikia mlio. Nilichoona ni mkono wake. Mkono mmoja ulibaki umenyooka hewani, vidole vimekunjika, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kusema darasani. Mwili mzima umelala na ule mkono umesimama wenyewe.

"Amka, baba," Nemesio alikuwa akisema. "Amka, amka, amka."

Aliamka. Watu wakapiga makofi, wakamwingiza kwenye kihema cha madaktari, hakurudishwa tena siku hiyo. Wengine waliniambia, umeona, wanawatunza vizuri. Nami nikataka sana kuamini.

Lakini mama mwenzangu, wewe unaishi na mtoto, daktari haishi naye. Wiki ile Lalo alifunga mapazia yote. Alikula amevaa miwani ya jua. Nilipowasha mashine ya kusagia pilipili, alishika kichwa akatoka jikoni akipepesuka. Alipotapika alifungulia bomba nisimsikie. Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia ameinama, paji la uso limelala juu ya mfuniko wa mashine kwa ajili ya ubaridi wake. Asubuhi ya Ijumaa akaniuliza, "Mama, bibi kashafika?" Nikamwambia bibi gani tena. Baadaye, akipaka siagi mkate, akauliza vilevile. Bibi yake tulimzika zamani, na yeye Lalo ndiye aliyebeba msalaba.

Jioni ile walinzi walikuja kula kama kawaida. Dirk aliingia akipiga makofi.

"Amepita! Dogo kapita mtihani! Daktari kasema kichwa safi kama sahani. Jumapili tunaye!"

Wakampiga mabega, wakamwita nyigu mkuu. Lalo alitabasamu nyuma ya miwani.

"Amepitaje?" niliuliza. "Leo asubuhi kaniuliza bibi yake kafika. Mara mbili. Bibi yake ni marehemu."

Kila mtu akatazama sahani yake.

"Mama, nilikuwa na usingizi," Lalo akasema.

Dirk akanikonyeza, kama mtu anayeokoa karamu isiharibike. "Mama Lalo, ina maana hawajakwambia? Mwezi wa saba, kabla msimu haujaanza, kila mtu anakalishwa kwenye kompyuta. Wanakuonyesha maneno, maumbo, namba, halafu wanakuuliza umekumbuka nini. Hicho ndicho kipimo cha kichwa chako kizima. Ukigongwa, wanakupima tena, wanalinganisha. Kikilingana, unarudi uwanjani. Sasa mtu mwenye akili anafanya nini mwezi wa saba?"

"Anafanya nini?"

"Anajifanya zuzu!" Meza nzima ikacheka. "Nilimfundisha mwenyewe. Nikamwambia, dogo, ukiona pembetatu, sema umeona mbuzi."

Nilikuwa nimeshika koleo la tamale. Nikaliweka chini.

"Kwa hiyo kichwa chake cha kugongwa," nikasema, "kimelingana na kichwa chake cha uongo."

"Sote tumefanya, mama. Tangu zamani. Usipofanya, mwenzako anachukua nafasi yako."

"Na wewe, Dirk. Kichwa chako kizima kilikuwaje? Yupo anayejua?"

Dirk akachukua tamale, akaanza kuimenya taratibu. Halafu uso ukamchangamka, akaniuliza, "Niliwahi kukusimulia habari ya ng'ombe wa baba?"

Safari hii hata wenzake hawakucheka.

Walipoondoka, Nemesio alinifuata kwenye sinki. Alijua ninachofikiria kabla sijasema.

"Usithubutu," akasema.

"Baba Lalo, mtoto hayuko sawa."

"Mtoto ana maumivu ya kichwa. Nani hana? Ukienda kwa daktari, watasema mgeni wetu ni mwongo, kadanganya mtihani. Watamtupa. Unajua wapo wangapi wanaoitaka hiyo nafasi? Tangu ana miaka saba anarusha mpira kwenye matairi shambani. Mechi moja, mke wangu. Moja tu, kisha apumzike."

"Na akigongwa tena kwenye hiyo moja?"

"Dirk atamlinda."

"Dirk hakumbuki hata alichokisema kabla ya supu."

Akatupa kitambaa kwenye sinki akatoka.

Jumamosi nilimuuliza nesi mmoja tunayesali naye, nikijifanya naulizia mtoto wa jirani. Akaniambia kichwa kikigongwa mara ya pili kabla cha kwanza hakijapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla, na mtu anaweza kufia palepale uwanjani. Alisema akikunja vitambaa vya madhabahuni, bila kunitazama. Nadhani alijua ni jirani gani.

Nilimbembeleza Lalo. Nilimwambia, mwanangu, sema wewe mwenyewe. Akanijibu, "Mama, nikikaa nje Jumapili hii, sitaingia tena maisha yangu yote." Alikuwa anaogopa, nilimwona. Alikuwa anaogopa kitu kingine, si kile nilichokiogopa mimi.

Jumapili ya Omaha tulikuwa nyumbani tena, na wazazi huruhusiwa kushuka hadi pembeni mwa uwanja kabla ya mechi, kila mama ambusu mwanawe. Nilishuka. Lalo alikuwa akirusha mipira ya kupasha mwili moto, na kila aliporusha alifumba macho kidogo. Hatua chache kutoka kwake alisimama daktari wa kofia nyekundu. Huyo haajiriwi na timu, ligi ndiyo inayomleta, kazi yake ni kutazama vichwa tu. Nilimtazama, nikatazama ukingoni, Nemesio alikuwa ananitikisia kichwa, usiende, usiende. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuvuka mto wa mpakani.

Nikaenda.

Kiingereza changu ni cha kwenye vitunguu. Nikamshika mkono. "Daktari. Mimi mama yake namba kumi na nne. Mtihani wa mwezi wa saba, alikosea makusudi. Mimi naishi naye. Hayuko sawa."

Daktari akamwita Lalo. "Kijana, mama yako anasema ulidanganya kipimo. Ni kweli?"

Lalo akacheka. Alicheka vizuri, hata mimi ningeamini. "Daktari, unawajua mama wa Kimeksiko. Nikipiga chafya ananiitia padri."

Daktari akatabasamu. Niliona anataka kuutoa mkono wake. Mtihani alishapita, karatasi zimeshasainiwa, watu wameshajaa. Nikageuka nikamwona Dirk amesimama nyuma yetu, anazungushia vidole vyake plasta.

"Dirk," nikasema. "Mwambie."

"Mama Lalo, hapana. Usiniweke hapo."

"Umekula kwangu msimu mzima. Mwambie."

Alizungusha ile plasta mpaka ikaisha. Alimtazama Lalo, akatazama chini kwenye theluji. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Daktari alinyoosha mkono akachukua helmeti kutoka kwa Lalo, akaibana kwapani. Bila helmeti huchezi. Pale ukingoni, Nemesio akatugeuzia mgongo.

Lalo aliondoka kuelekea kwenye njia ya chini ya jukwaa inayokwenda vyumba vya wachezaji, nami nikamfuata na mtu mmoja wa daktari nyuma yetu. Hakugeuka.

"Umeniua, mama," akasema. "Ujue hivyo. Umeniua."

Nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa anaupitisha ukutani akitembea, anapapasa, kama mtu aliye gizani, na taa zilikuwa zinawaka pande zote. Tulipofika kwenye kona alisimama. Akasikiliza kelele za juu. Niliona mabega yake yakishuka.

Akaniuliza polepole, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo, "Mama, hapa ni kwao au ni kwetu?"

"Ni kwetu, mwanangu. Toledo."

"Nilidhani tumesafiri."

Nikashika mkono wa jezi yake, akaniacha niushike. Juu ya vichwa vyetu watu walikuwa bado wanaliita jina lake.