Nyayo za Bibi Dominika

Kazi yangu ni kupima maumivu, na watu ni waongo. Sisemi kwa ubaya. Mwenye kesi ya ajali hupiga kelele kabla sijamgusa, na mwanamume aliyekuja na mkewe hujifanya jiwe. Ndiyo maana naiamini mishipa yao ya fahamu kuliko midomo yao.

Bibi Dominika aliletwa mwezi wa Juni na binti yake Adela, mwenye duka la rejareja mtaa wa Chanji, hapa mjini. Alikuwa kikongwe mwembamba, sweta juu ya kitenge, rozari shingoni. Kisukari kilikuwa kimemkaa miaka mingi. Siku moja, nyumbani kwake kijijini Mwimbi, alikaa jikoni akiangalia maharage huku unyayo wake uko juu ya kaa la moto, na asijue. Jirani yake Silvana ndiye aliyesikia harufu, akadhani kuna mtu anababua mbuzi. Silvana huyohuyo ndiye aliyempigia Adela simu.

"Shikamoo bibi," nikamsalimu.

"Marahaba. Yule Silvana ni mmbea."

Adela akanieleza mapatano yao. "Daktari, mashine ikisema anasikia maumivu, namrudisha Mwimbi kwenye shamba lake la ulezi. Ikisema hasikii, anahamia kwangu Chanji. Mimi siwezi kuishi na wasiwasi huu."

Mimi ni Justa, mpimaji tu, si daktari, lakini nimeshachoka kusahihisha watu.

Nilianza kwa kumpasha bibi miguu kwa blanketi na chupa ya maji moto. Baridi ya Sumbawanga hunichezea vipimo, kwa sababu mshipa ukipoa habari zake huchelewa. Na habari zenyewe zina njia mbili. Ya kuguswa hukimbia. Ya kuchomwa hutembea taratibu, ndiyo maana ukikanyaga kaa unajua umekanyaga kitu kabla hujajua kwamba kinaunguza. Kisukari mara nyingi huanza kwa kuua hii njia ya pili, tena huanzia vidoleni na kupanda juu.

Kifaa changu ni kisahani cha chuma, ukubwa wa kizibo cha soda, kimeungwa kwa waya na kompyuta. Nakibandika kwenye ngozi, kinapata joto polepole, na mgonjwa anabonyeza kitufe pale inapoanza kuuma. Asipobonyeza, kinajizima chenyewe kabla hakijaunguza.

Nilimfundisha kwanza mkononi, ambako ganzi haijafika. Akabonyeza vizuri. Nikahamia unyayo wa kulia. Akabonyeza. Wa kushoto, akabonyeza. Nikarudia yote, na yote akabonyeza. Adela akashusha pumzi. Hata mimi nilifurahi, maana si kila siku nampa mtu jibu analolitaka.

Kisha nikatazama namba. Zilifanana zote, mkono na nyayo, kulia na kushoto. Maumivu hayana adabu hiyo. Hata mwenye afya kamili hubonyeza mapema mara hii na kuchelewa mara ile. Nikamwangalia bibi usoni, nikaona midomo inacheza.

Nikabandika kisahani tena, nikagonga kompyuta kwa kishindo kama kawaida, ila joto sikuliwasha. Kisahani kikabaki cha baridi. Midomo ikaenda, ikaenda, ikatulia. Bibi akabonyeza.

Nilikasirika. "Bibi, hapo hapakuwa na moto."

Adela ndiye aliyeelewa kwanza, akajishika kichwa. "Salamu Maria! Mama, unampimia daktari kama unavyopima mayai!" Akanigeukia. "Ndivyo alivyotufundisha jikoni. Yai ni kumi moja la rozari, Salamu Maria mara kumi. Saa hatukuwa nayo."

Kumbe mkononi maumivu yalimfikia kwenye Amina ya Salamu Maria ya kwanza. Basi miguuni naye akawa anangoja Amina.

"Nilikwambia ubonyeze ikiuma," nikasema.

"Ilikuwa inauma, mwanangu. Nilikuwa nafikiria Chanji."

Nikaanza upya, safari hii nikilipandisha joto haraka zaidi ili sala isimsaidie. Unyayoni, kisahani kilifika mwisho wake na kujizima huku midomo bado inaendelea. Kwenye kifundo ikawa hivyohivyo. Nikapanda hadi katikati ya muundi.

Sala haikufika hata nusu. "Mayo we!" Kitufe kikamtoka mkononi, nikawahi kukizima kisahani mwenyewe. Bibi akanitazama, macho yamemtoka, kisha akaanza kucheka, mikono juu, kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. "Inauma! Adela, umesikia? Inauma!"

Adela naye akacheka, machozi yanamtoka. Niliwaacha kidogo. Katika kazi hii mtu wa kushangilia maumivu ni nadra, na nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua nitakachosema.

"Basi narudi," bibi akasema.

Nikachukua kalamu ya wino, nikamchorea mstari kuzunguka mguu pale ganzi ilipokoma. "Juu ya hapa unasikia, bibi. Lakini unakanyagia huku chini."

Aliutazama ule mstari muda mrefu. Akainama, akaushika unyayo wake kwa mikono miwili, akaugeuza na kuliangalia lile kovu la kaa kana kwamba ni mguu wa mtoto wa jirani. Hakubishana. Nilitamani abishane.

Adela akapiga magoti, akaanza kumvalisha soksi. "Mama, tutalima hata kwenye kiwanja cha nyuma."

"Cha nyuma kina choo na kuku." Bibi akanyoosha mguu wa pili avalishwe. "Ukienda kuchukua vitu vyangu, ulezi wa mbegu uko kwenye kibuyu, juu ya meko penye moshi. Nimeuchagua mwenyewe punje kwa punje. Panya wasiule."

"Nikuletee?"

"Ulezi ufanye nini Chanji? Mpe Silvana."

Adela akainua uso. "Silvana yupi? Yule mmbea?"

"Shamba lake limepakana na langu, tena halimshindi." Akashuka kitandani polepole, akitafuta sakafu kwa macho kabla ya kuweka mguu. "Ila mwambie sijampa. Mwambie namwazima."